Kununua gari ukiwa Mwanza: mwongozo kamili, kuanzia bajeti hadi siku kadi inaposoma jina lako

Mwaka 2019 nilinunua kenta la mkononi pale Igoma kwa milioni 16. Nilitaka kuanza kubeba dagaa kutoka mwalo wa Kirumba kupeleka Shinyanga na Kahama. Fundi alisikiliza injini, tukakagua bodi, tukapatana, hela nikaihesabu mbele ya mashahidi wawili. Kitu kimoja tu sikukipa uzito: kadi ya gari, ile inayoonyesha mmiliki, ilikuwa inasoma jina la mtu mwingine. Aliyeniuzia alinijibu, “Huyo ni kaka yangu, gari la familia hilo, wala usijali.” Kaka mwenyewe alikuwa ameshafariki miaka miwili nyuma.

Ilinichukua miezi 11 kupata kadi yenye jina langu. Familia ikae kikao, ipendekeze msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo imthibitishe, shangazi mmoja apinge, waanze upya. Muda wote huo gari nilikuwa nalo, mafuta naweka mimi, matairi nabadilisha mimi, lakini kisheria si langu. Benki hainikopeshi kwalo. Mteja wa kulinunua akija, sina cha kumwonyesha.

Tangu hapo ndugu na marafiki wakitaka gari huniita niwasindikize. Haya ndiyo ninayowaambia, na kwa mpangilio huu huu.

Kwanza, igawe hela kabla hujaanza kutazama magari

Mwenye milioni 20 mfukoni atafute gari la milioni 16, basi. Zile nne zina kazi, na zitaisha zote. Gari la mkononi litakudai ada ya kuhamisha umiliki, mkataba wa wakili, bima, na servisi ya kwanza ambayo huwezi kuikwepa: oili na filta zote, haidroliki ya giaboksi, brekipedi, betri, mara nyingi na matairi mawili. Huyo fundi wa kukagua naye analipwa, na dalali anasubiri chake.

Na dalali malizana naye mapema. Muulize siku ya kwanza kabisa analipwa na nani na kiasi gani, maana wengine hula pande zote mbili, halafu siku ya kukabidhiana anakuganda mlangoni. Na ujue kwamba akikuambia “bosi wangu, bei inazungumzika”, bei hiyo tayari ameshaongeza juu yake.

Kama unakwenda kwa mkopo wa benki, usiishie kuuliza asilimia ya riba. Uliza hivi: “Mpaka namaliza, nitakuwa nimerudisha shilingi ngapi jumla?” Waiandike kwenye karatasi. Riba inayokokotolewa kwenye deni linalopungua na ile inayokokotolewa kwenye mkopo wote mwanzo hadi mwisho zinaweza kutajwa kwa asilimia ileile, na mwisho wa miaka mitatu zikatofautiana kwa mamilioni. Ongeza na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, kwa sababu benki haitakubali bima ndogo, ya kulipa wengine tu, kwenye gari lenye hela yake.

Gari jipya kabisa, la kilometa sifuri, wengi wetu hatulifikii. Unayelifikia, swali lako kubwa liwe servisi: waranti inataka gari lihudumiwe wapi, na je, pahali hapo papo Mwanza au kila servisi ni safari ya Dar es Salaam?

Pili, jua gari litafanya kazi gani kwenye barabara zipi

Hapa nitapita haraka. Mwanza ni mji wa vilima na mawe. Anayekaa Nyegezi karibu na lami na kufanya kazi mjini, IST au Passo inamtosha kabisa. Anayepanda Kilimahewa kwa njia ya mawe kila jioni, gari la chini litamla kwenye bushi, boljointi na shokapu. Mwenye shamba Sengerema sasa ana nafuu, maana tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko pale, lakini ukiacha lami kule ndani masika utatamani gari refu. Chagua pia gari ambalo spea zake zipo kwenye maduka ya hapa mjini. Nimewahi kumwona mtu analaza gari zuri la Ulaya wiki sita akisubiri sensa moja.

Tatu, kuagiza Japani: hesabu inayowaumiza wengi

Watu huona gari kwenye tovuti limeandikwa dola kadhaa, wanazidisha kwa shilingi, wanafurahi. Bei hiyo mara nyingi ni ya gari likiwa bado Japani. Unayotakiwa kuitazama ni CIF, yaani gari, bima na meli mpaka bandari ya Dar es Salaam. Na hata hiyo ni mwanzo tu, kwa sababu kodi inakokotolewa juu yake.

Tuchukue mfano wa gari dogo la injini ya cc 1300, lenye zaidi ya miaka 10, ambalo thamani yake ya forodha ni milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500,000. Sasa msingi ni milioni 12.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya cc 1001 hadi 2000 ni asilimia 5 ya msingi huo, 625,000. Kisha kuna ushuru wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 hulipa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 hulipa asilimia 30. Letu limezidi, kwa hiyo 3,750,000. Jumlisha vyote unapata 16,875,000, na juu yake VAT ya asilimia 18, ambayo ni 3,037,500.

Kodi hizo nne peke yake ni 9,912,500. Gari la milioni 10, kodi karibu milioni 10. Bado tozo ya reli, ada ya forodha, usajili, gharama za bandari na wakala. Nimeshaona mtu mzima anakaa chini baada ya kuonyeshwa hesabu hii, na gari lake liko baharini tayari.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata dola moja, ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA kilichoko mtandaoni. Unachagua aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa makadirio. Kumbuka mambo mawili. TRA ina thamani zake za magari, hivyo ukinunua kwa bei ya kutupa haimaanishi utalipa kodi ya kutupa. La pili, viwango hubadilika na bajeti, na mabadiliko huanza Julai 1. Ukiagiza Mei, gari linaweza kutua kwenye viwango vipya.

Umri nao una mtego. Hati ya Kijapani ya kusafirisha gari nje huonyesha tarehe gari liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, wakati kinachokuhusu kwenye ushuru wa uchakavu ni mwaka lilipotengenezwa. Gari lililotengenezwa mwishoni mwa mwaka linaweza kusajiliwa mwaka unaofuata, na mwaka huo mmoja ukakutoa asilimia 15 ukakupeleka 30. Na miaka yao wanaihesabu kwa enzi za wafalme: ukiona Heisei 17, jumlisha 1988, upate 2005, ukiona Reiwa 2, jumlisha 2018, upate 2020. Hati hiyo pia huandika kilometa zilizosomwa gari lilipokaguliwa Japani. Zilinganishe na za kwenye dashibodi.

Omba vilevile karatasi ya mnada. Magari mengi yanayotufikia yamepitia minada ya Japani, na mkaguzi wa mnada hulipatia gari daraja. Nne au nne na nusu ni gari lililotunzwa. Tatu na nusu lina makovu ya kawaida. R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Si lazima ulikatae, ila lisiuzwe kwako kwa bei ya gari zima. Pale pembeni kuna mchoro wa gari wenye herufi: A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Muuzaji akisema karatasi hiyo haipo, nenda kwenye gari jingine. Yako maelfu.

Kwenye kulipa, hela iende kwenye akaunti ya kampuni, yenye jina la kampuni, kupitia benki yako. Kuna wezi wanaoingilia barua pepe na kukutumia ankara ileile, nembo ileile, akaunti tofauti. Ukipata ujumbe kwamba “tumebadilisha akaunti”, usilipe mpaka umepiga simu kwa namba ya kwenye tovuti yao, siyo ya kwenye ujumbe huo.

Bandarini gari lina siku chache za bure, kisha storeji inahesabiwa kila siku. Ndiyo maana hela ya kodi iwe tayari kabla meli haijafika. Mtafute wakala wa forodha mapema, akuandikie gharama zote mstari kwa mstari, na kodi ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali yenye jina lako, uione risiti. Usimtumie wakala milioni 10 za kodi kwenye simu yake eti akakulipie.

Gari likitoka, bado liko Dar es Salaam. Kuja Mwanza kwa Dodoma, Singida na Shinyanga ni kama kilometa 1,150. Kwa gari linalokwenda kilometa 12 kwa lita moja, hiyo ni karibu lita 96. Bei ya mafuta itazame kwenye tangazo la EWURA, linalotoka kila mwezi na kutaja bei ya kila mji. Ongeza dereva, posho yake, nauli yake ya kurudi, na kulala njiani. Kata bima kabla gari halijagusa barabara. Gari limekaa miezi bila kuendeshwa: badilisha oili na kagua matairi kule kule Dar. Upande wa tairi kuna tarakimu nne. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa, na likapasuka Manyoni saa saba mchana. Na mwambie dereva aheshimu 50 vijijini, kwani tochi zipo na faini ya kosa moja ni 30,000.

Yadi za hapa Mwanza zinakupunguzia mzunguko huo wote, nawe unalipia huo unafuu. Hakuna dhambi hapo. Ila bei utajiwe kwa shilingi: kanuni zilizotoka Machi 2025 zimepiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Na uulize kama bei ni pamoja na usajili na namba, au ni gari tupu.

Nne, kulikagua gari la mkononi

Fika asubuhi, bila kupiga simu ya “niko njiani”. Kabla ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni la moto na mwenye gari anasema halijawashwa tangu jana, kuna kitu anakificha, kwa kuwa injini iliyochoka husumbua ikiwa ya baridi. Fungua mfuniko wa oili, ugeuze uone ndani. Ukikuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vinakutana. Funga mfuniko, aga kwa adabu. Liwashe mtu mwingine, wewe simama nyuma kwenye ekzosti. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mwambie akanyage mafuta kidogo, sikiliza kama linamisi.

Kisha lipandishe mlima. Huku tumebarikiwa milima, itumie. Mimi huwapeleka kwenye mpando wa Bugando. Giaboksi ya otomatiki inayoteleza itajionyesha pale: injini inalia, gari haliondoki. Simama katikati ya mpando, vuta breki ya mkono, achia mguu. Likirudi nyuma, umeshajua. Ukishuka, sikiliza brekipedi na usukani kama unatetemeka. Malizia na njia ya mawe, redio imezimwa, vioo vimefungwa. Shokapu na bushi zilizokwisha zinaongea zenyewe.

Kwa magari ya huku ziwani kuna ugonjwa ambao mnunuzi wa Dodoma hahangaiki nao. Kenta, kirikuu na pikapu nyingi zimebeba samaki. Barafu ya sangara inayeyuka, maji yanachuruzika usiku kucha juu ya chasisi, na dagaa wa chumvi wanamalizia. Juu gari limepakwa rangi, limeng'aa. Wewe lala chini. Chukua mpini wa bisibisi, gonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa pale bodi inapokalia na kwenye viungo vya springi. Chuma kizima kina mlio mmoja. Ukifika mahali mlio ukawa wa kopo, kuna kutu imekula ndani na rangi ndiyo inayoshikilia. Lile kenta langu la Igoma lilikuwa na pahali kama hapo, upande wa kushoto nyuma ya kebini, kama kiganja cha mtoto. Sikugonga. Kuchomelea kulinigharimu wiki mbili za kazi, na wiki mbili za mwalo msimu wa dagaa ni nyingi.

Fundi awe wa kwako, umemleta wewe, unamlipa wewe. Fundi aliyeletwa na dalali ana mwajiri mwingine. Kwa gari lenye kompyuta, lipia lipimwe kwa mashine. Taa ya injini inaweza kuzimwa asubuhi ile ile ili dashibodi ionekane safi.

Tano, karatasi

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitasema taratibu.

Shika kadi halisi, siyo nakala wala picha ya simu. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha NIDA cha mtu aliyekaa mbele yako. Kama ni la mwingine, mwenye jina aje mwenyewe. Kama amefariki, unataka hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na msimamizi ndiye anayekuuzia. “Gari la familia” hakuna kwenye kadi. Kama ni la kampuni, uone barua ya kampuni yenye mhuri. Kama jina la benki limo, mkopo haujaisha mpaka benki iandike kwamba umeisha.

Namba ya chasisi isome kwenye chuma, kwa macho yako, tarakimu moja moja, ulinganishe na kadi, kisha uipige picha. Namba ya injini vilevile. Sehemu iliyosagwa au kupakwa rangi upya kuzunguka namba iwe mwisho wa mazungumzo.

Nenda TRA na namba ya gari, thibitisha mmiliki na kama lina zuio. Deni la faini za barabarani liangalie kwenye mfumo wa TMS wa polisi, la maegesho kwenye mfumo wa TARURA. Stika ya bima ithibitishe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, maana bima za bandia zipo. Kazi yote hiyo ni ya nusu siku. Muuzaji anayekuharakisha kwamba “kuna mtu wa Geita anakuja na hela jioni”, mwache auze kwa huyo wa Geita.

Sita, kulipa na kuhamisha

Mkataba uandikwe na wakili, bei iwe ile ya kweli. Najua watu wanaandika bei ndogo ili kupunguza ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1. Ukiandika milioni 5 kwenye gari la milioni 16, siku mnaposhtakiana utarudishiwa milioni 5. Na TRA inaweza kuweka thamani yake hata hivyo.

Lipa benki kwa benki, na usimalize. Mimi hushauri sehemu kubwa ilipwe baada ya kusaini, na kiasi cha kumuuma muuzaji kibaki mpaka kadi itoke. Iandikwe hivyo kwenye mkataba. Muuzaji mkweli huafiki, kwa sababu naye hataki gari liendelee kusoma jina lake wakati wewe unaligonga huko Magu.

Wote wawili mnahitaji TIN, yaani namba ya mlipakodi. Mkifika TRA muwe na kadi halisi, mkataba, vitambulisho na picha. Ada ya kuhamisha gari ni 50,000, kadi mpya 10,000, na ile asilimia 1. Leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo mtu asikudai “rodi laisensi” ya miaka ya karibuni; lakini madeni ya kabla ya hapo yanaweza kuwa bado yanasoma, uliza. Bima ndogo ya gari binafsi ni kama 118,000 pamoja na VAT. Bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, na kwa gari ulilolipia jasho la miaka ningekata hiyo kwa mwaka wa kwanza.

La biashara lina nyongeza: kibao cheupe badala ya cha njano, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), na mizani kwa gari la uzito wa kilo 3,500 na kuendelea. Usibebe kwa kukisia, kwani faini ya kuzidisha inaweza kula faida ya safari tatu.

Kadi mpya ukipewa, usiipongeze kwanza. Simama pale pale dirishani, toa ile picha ya namba ya chasisi uliyopiga chini ya gari, soma tarakimu moja moja, halafu jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye NIDA. Pamekosewa herufi moja, rudisha hapo hapo, warekebishe wewe ukiwa umesimama. Ndipo umpigie muuzaji simu aje achukue salio lake.